Safari Tulizosafiri Tukisaga Uwele

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo, dada. Huko uliko hakuna jua kali la hapa kwetu Ihumwa, kwa hiyo usinikunjie uso. Nisikilize.

Unakumbuka tulivyosaga uwele, wewe na jiwe lako, mimi na langu? Nikinuna, ulinisafirisha kwa maneno tu, pale pale nilipopiga magoti.

"Haya, mdogo wangu. Mvua imegoma, tunahama. Una kichwa kimoja na mgongo mmoja. Unabeba nini?"

Mimi na uchoyo wangu nilibeba vyote: vyungu, kuku, jembe, mpaka mlenda uliokuwa bado unakauka juu ya paa la udongo la tembe.

"Utafia njiani, mjinga wewe! Tua kimoja."

Natua chungu kwa hasira kana kwamba ni chungu kweli, nawe unacheka mpaka unga unamwagika. Wewe mgongoni ulibeba mwanao Yohana. Siku zote Yohana. Nikadhani unaniringia, kwa kuwa mimi sikuzaa.

Kisha ukafa, ukaniachia mtoto hata kusema hawezi. Hukuniuliza! Nilikutukana sana, dada, huku nimempakata.

Leo mwanao ana mvi. Amejenga mjini, Miyuji, anataka nikaishi kwake. Nimemkatalia kila akija. Nina mbuzi, nina shamba, nani atapalilia? Maneno tu hayo. Niliogopa kwenda kuzeekea kwa mtu ambaye sikumzaa, nile chakula chake kama mgeni.

Juzi napepeta uwele peke yangu, nikaianza ile safari yetu. Nikabeba nyumba, mbuzi, shamba. Kufika mlimani nikatua mbuzi. Nikatua shamba, wala sikulia. Nyumba nayo nikaitua, imejaa mchwa hata hivyo. Nikapeleka mkono mgongoni kuona kimebaki nini, nikasikia uzito wa mtoto aliyelala. Nikakaa chini nikalia kama mwehu, kuku wakala uwele wote.

Asante, dada. Asante kwa kunifundisha kwa matusi, maana kwa upole nisingeelewa. Na asante kwa kuniachia huyu.

Jioni ile nikampigia simu. "Njoo unichukue."

"Mama! Chumba cha wageni kiko tayari."

"Mpumbavu wewe! Wageni wakalale kwingine. Chumba cha mama kiko wapi?"

Nikamsikia anapenga kamasi, mzee mzima.

Kesho anakuja. Pumzika sasa, usihangaike naye tena.

Ni mimi,
mama yake Yohana