Samaki wa Vilindi Aliyekwepa Mafuta

Jumapili, Rumonge

Safari hii hakukaangwa! Nimemshika kwa mikono yangu mwenyewe, hajakatwa popote, na macho yake makubwa kama vifungo vya koti.

Tangu nianze kufundisha biolojia nawaambia wanafunzi kwamba ziwani kuna samaki anayeshinda kwenye giza la chini kabisa, karibu na pale hewa inapokwisha majini, kisha hupanda usiku. Wanacheka. Shemeji yangu Hamisi, mvuvi, humnasa mara chache sana katikati ya ndagala, vile vidagaa vya ziwa letu. Lakini samaki asiye na mnunuzi huingia kwenye mboga ya wavuvi, na mboga ya Hamisi huishia kwa mama mkwe wangu. Mimi hukuta miiba. Imeniudhi mpaka basi!

Leo nimerudi kutoka sokoni, mafuta yanalia jikoni, na kisu kiko mkononi mwa mama mkwe, juu ya samaki yule.

"Mama, usimukate huyo!"

"Mutoto wangu, iko shida gani? Si mboga?"

Nikamwonyesha vile vitundu vya kichwani, vinavyomsaidia kuhisi windo gizani. Nikamwambia anatoka mahali ambapo jua halijafika hata siku moja. Akaweka kisu chini. Kisha akaita majirani wote waje kuona.

Sasa yuko kwenye ndoo ya barafu. Naogopa itayeyuka kabla ya darasa la kesho, na umeme wa hapa...

Hamisi alipokuja jioni akatania kwamba usiku huu tunamla. Mama mkwe akafunika ndoo, akaikalia.

"Ametoka mbali vile! Mugeni haliwi, Hamisi. Wewe kula ndagala."