Maji Yaliyolala Bombani

Shemeji Mardochée,

Mama Rita wa mlango wa pili anadai bomba lake lilikutwa na madini ya risasi, likang'olewa lote. Nyumba zetu zilijengwa pamoja, ndiyo maana nami nimeomba chupa ya kupimia. Wapimaji wanataka maji yaliyolala bombani, ya kwanza kabisa asubuhi. Leo nimeamka saa kumi na moja, nikakukuta unapiga mswaki huku unaimba pambio! Mara ya tatu hii, shemeji.

Maziwa ya Israël ~~koroga kwa maji niliyochemsha~~ hapana, kuchemsha hakuondoi risasi. Tumia maji ya dukani, yako chini ya meza.

Kesho usifungue bomba kabla yangu. Ndoo yako ya mswaki nimeshaijaza. Juzi nilikuachia nafasi ya jibu, ukaandika "wali mtamu". Leo jibu nilichouliza: utaningoja?

Mama Israël

Jibu: ....................