Juisi ya Baba

Kabazi,
11 Februari 2024

Kwako kaka Mburu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tuko wazima, ng'ombe amezaa, mvua ndiyo bado. Natumaini wewe na Joan na kale katoto kenu mko salama hapo Nakuru. Ningekupigia, lakini simu yangu siku hizi haishiki mtandao, kwa hivyo nimempa Khisa wa lori la maziwa hii barua akuletee mkononi.

Mburu, wacha kutuma hizo juisi. Nilisema kwa meseji ukanyamaza, sasa nasema kwa kalamu. Khisa akiingia na katoni, Abby wako anaacha kila kitu. Uji hataki, maziwa ya ng'ombe wetu hataki, githeri ya maharagwe anatoa mahindi moja moja anarushia kuku. Anataka "juisi ya Baba" tu. Analala na boksi tupu kitandani kwa sababu ya ile picha ya kifaru anayecheka. Meno ya mbele yameanza kuwa kahawia, na mtoto ni wa miaka mitano! Uliniachia huyu msichana tangu mama yake aende zake, nami sijawahi kulalamika. Kama unataka kumtumia kitu, tuma daftari, tuma viatu. Ama uje mwenyewe. Hiyo ndiyo atafurahia zaidi.

Ni mimi,
Dada yako Nyakio


Nakuru,
3 Machi 2024

Kwako dada,

Pokea salamu zangu. Huku hatujambo, ni kazi tu ndiyo mingi. Hongera kwa ndama.

Barua yako imenikasirisha, sitakuficha. Hiyo juisi ina vitamini, imeandikwa hapo kwa boksi, na waliotengeneza ni watu wa digrii. Wewe hayo ya meno umesomea wapi? Ama kwa sababu tulilelewa na uji, basi kila mtoto wa ukoo huu lazima alelewe na uji mpaka mwisho wa dunia? Kwani umesahau vile tulikuwa tunakula ngwaci, viazi vitamu baridi vya jana, nyuma ya choo cha shule, tumejificha watoto wa mwalimu wasituone, wao na mkate wao? Mimi sijasahau. Niliapa mtoto wangu hatachekwa. Abby akifungua hilo boksi darasani, wote wanajua ako na baba, na baba ako na kazi.

Tena ujue mapema: muhula wa pili kampuni yetu inakuja shuleni kwao na promosheni ya juisi. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, amekubali. Usinitie aibu huko.

Kaka yako,
Mburu


Kabazi,
19 Mei 2024

Mburu,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa Abby, ambaye wiki jana aling'olewa meno mawili huko Subukia. Alilia mpaka mimi nikatoka nje. Daktari akauliza ni nani anampa huyu mtoto sukari namna hii. Abby akasema, "Baba," damu iko mdomoni, na anasema kwa furaha!

Ijumaa tukawa na mkutano wa wazazi. Unajua vile sisi hufanya, kila mzazi analeta mkebe wa gorogoro wa mahindi na wimbi, watoto wanapikiwa uji wa saa nne. Mwalimu mkuu akasimama akasema uji uishe, eti kampuni yenu italeta juisi ya bure muhula mzima. Nikapinga. Walinicheka, Mburu. Mama mmoja akaniambia, "Nyakio, baki na uji wako wa zamani, sisi watoto wetu wameendelea." Huyo ndiye asubuhi anauza mayai yote ya kuku wake ili jioni anunulie watoto biskuti. Wakampigia makofi. Sufuria ya shule sasa imefungiwa stoo.

Basi jana nikasema nije Nakuru nikuambie usoni. Hukuwako. Joan alinikaribisha vizuri, sina neno naye. Lakini nikaona katoni zimepangwa mpaka dari, na mtoto wenu amekaa pale chini anakula yai na ndizi. Nikauliza, huyu hamumpi juisi? Joan akacheka. "Aa, huyu hanywi. Mburu amekataza kabisa. Anasema hiyo ni maji na sukari na rangi. Hiyo ni ya kuuza."

Ya kuuza! Kumbe unajua! Muda wote huu unanifundisha habari ya digrii, na unajua! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa nieleze: huyo wa Nakuru ni mtoto, na huyu wa Kabazi ni nini? Jibu hilo kwanza. Vitamini tutaongea baadaye.

Dada yako bado,
Nyakio


Nakuru,
2 Juni 2024

Kwako dada Nyakio,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima, na ng'ombe na ndama pia.

Joan anaongea sana. Dada, kazi ni kazi. Hata mwenye bucha si lazima ale nyama kila siku. Pole kwa hayo meno, lakini ni ya utoto, yataota mengine. Mimi nikiacha kazi leo, karo ya Abby utalipa wewe na maziwa?

Najua umekasirika. Ijumaa tarehe kumi na nne tunakuja hapo shuleni. Mwambie Abby Baba anakuja. Nitambeba mabegani wote waone. Halafu mimi na wewe tutaketi tuongee kama watu wa tumbo moja.

Kaka yako,
Mburu


Kabazi,
16 Juni 2024

Mburu,

Afya yako sikuulizi. Nilikuona Ijumaa, uko mzima.

Abby aliamka kabla yangu. Alikataa kofia na ile baridi yote, ati lazima uone vile nimemsuka. Tangu saa mbili alikuwa langoni, mwalimu akimwita haingii. Gari lenu likaja na muziki, mtu aliyevaa vazi la yule kifaru wa boksi akashuka anacheza, watoto wakapiga nduru. Abby hakucheza. Alikuwa anaangalia mlango wa gari, anangoja mtu mwingine ashuke.

Mimi nilikutambua ndani ya hilo vazi kwa huo mguu wa kushoto unaovuta tangu uanguke kutoka kwa punda. Nikajiambia, sasa hivi atavua hicho kichwa. Yule bosi wako alikuwa pembeni anapiga picha.

Abby akakuvuta mkono. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Kifaru, umemwona Baba? Alisema anakuja." Ukasimama kabisa. Usikatae, nilikuona ukisimama. Halafu ukainama, ukampa juisi, mkapigwa picha, ukaenda kwa mtoto mwingine.

Usiniandikie ati yule wa kuvaa kifaru aliugua ikabidi uvae wewe, na bosi alikukazia macho. Dereva wenu ameshanieleza hayo yote na hayanihusu. Kichwa kile kinavuliwa na mikono miwili, na mikono ulikuwa nayo. Aibu yako ndiyo hiyo, wala si ngwaci.

Kesho narudi shuleni na gorogoro yangu ya wimbi, hata kama nitapika uji wa mtoto mmoja. Katoni ikija na Khisa, itarudi na Khisa.

Ile juisi uliyompa hajainywa. Mimi nilifurahi, nikafikiri sasa ameichukia kama mimi. Nikamuuliza. Akaniambia anakuwekea wewe, kwa sababu unatoka mbali, na ukifika utakuwa na kiu.

Shangazi yake Abby