Aliyebaki Tanurini

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu utoke mlango wa mbele wa bekari ukiwa na unga kwenye nyusi, mkono mmoja umeshika kifua, na wa pili unatuashiria kwamba si kitu. "Kiungulia tu hiki," ulisema. Ulimgusa mdogo wako bega, ukamtazama usoni, ukamwambia, "Moto, wewe baki. Kinyunya kimeshaumuka." Kisha ukaingia kwenye gari la jirani, nasi tukakufuata. Hukurudi.

Tunakuandikia kama tulivyozoea kuzungumza nawe, na wanaosoma watuwie radhi kwa kusikia mambo ya nyumbani. Mwaka huu haukuwa mwepesi. Hadi juma lililopita hatukujua kama tangazo hili la kumbukumbu lingebeba watu wako wote chini yake. Tulipokaa kuliandika, Mama alikataa Baba Mdogo kutajwa. "Aliyeshindwa kuja kumuaga akiwa hai," alisema, "asije kumkumbuka gazetini." Unamjua Mama akishasema.

Mtaa mzima ulikuita Gonga. Kila mkate uliotoka tanurini uliupindua, ukaugonga chini kwa kidole kilichokunjwa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Ukilia mlio mtupu, ulisema, "Karibu," na mkate ukaenda rafuni. Ukilia mzito, ulisema, "Bado, kalale kidogo," ukaurudisha. Wateja walikucheka, lakini hatukumbuki aliyewahi kukurudishia mkate.

Na mikate ya kwanza ya asubuhi ilipopangwa ipoe, ulitusimamisha sote. Mwenye trei aiweke chini, mteja aliye dirishani asubiri. Ganda la mkate likipoa hupasuka kwa visauti vidogo, kama paka anayetembea juu ya majani makavu. "Sikilizeni," ulisema. "Jana haikuwa hivi." Kila siku ulituambia jana haikuwa hivi, na kila siku tulikuamini, tukarudi kazini kama watu waliotoka kulala. Baba Mdogo alisimama ng'ambo ya meza akitutazama nyuso. Tukitabasamu, naye alitabasamu.

Mligawana kazi tangu ujana, yeye moto, wewe mkate. Ndiyo maana akaitwa Moto, ingawa ni mpole kama maji ya mtungi. Tulizoea kumwita mara mbili ndipo ageuke. Tulisema ni maringo ya watu wa tanuri.

Siku ile hospitalini, daktari alimwambia Mama awaite ndugu. Sisi tulikuwa tayari pale, aliyekosekana ni yeye tu. Mama alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Wewe uliuliza, "Moto amefika?" Mama akakwambia yuko njiani. Hakuwa njiani. Alifika mchana, umeshafunikwa shuka, na kwapani amebana mkate wa moto aliouviringisha kwa kitambaa, wa mgonjwa. Mama aliutazama ule mkate. Akasema, uso umeinama, "Kumbe ulikuwa unasubiri mikate iive." Baba Mdogo hakujibu. Macho yake yalikuwa kitandani.

Kule kutojibu ndiko kulikomchoma Mama kuliko hata kuchelewa. Mtu akikuomba radhi unaweza kumkatalia, ukapumua. Huyu hakuomba.

Basi mwaka mzima wakafanya kazi chumba kimoja bila kusemeshana. Bekari ndiyo inayotulisha, hakuna aliyeweza kuondoka. Mama alikata kinyunya akiwa amempa mgongo, na kila neno lake lilimfikia kupitia kwa binti yako wa mwisho.

"Mwambie baba yako mdogo kuni za leo mbichi."

"Mama, si huyu hapa?"

"Nimekutuma au nimekuuliza?"

Binti anazunguka meza, anasimama mbele yake. "Baba Mdogo, kuni za leo mbichi."

"Mwambie mama yako nimeziona."

"Mwambie kama ameziona, mbona anazichoma?"

Mwanzoni tulikuwa tunacheka pembeni. Baadaye kicheko kilikwisha, ikawa ukiingia mle ndani unatembea kwa kunyata, kama kuna mtoto aliyelala ambaye hutaki aamke.

Mikate nayo ikaharibika. Leo migumu, kesho mibichi ndani. Fundi baiskeli wa jirani aliinua mmoja, akaupima mkononi. "Mama, huu ni wa kula, au wa kuweka nyuma ya tairi gari lisirudi?" Mama alijitahidi kucheka. Yule muuguzi aliyekuwa akipita kila asubuhi kabla ya zamu aliumega wake pale dirishani, akaona uji katikati. Hakurudi tena.

"Anafanya makusudi," Mama alituambia nyumbani. "Anataka tufunge, apate sababu ya kwenda zake."

Na kweli, mwezi huu Baba Mdogo alimwambia binti yako kwamba ukiisha ataondoka. Kuna kiwanda kimempa kazi ya kulisha tanuri la matofali. "Nimekuwa moshi humu ndani," alisema. "Kila mtu ananigeuzia uso." Tulijua maana yake. Lile tanuri la zamani halimtii mtu mwingine. Akitoka yeye, linazima, na mlango unafungwa. Tulimweleza Mama. Akasema, "Aende." Usiku huo hakula.

Sasa tukusimulie ya Jumanne iliyopita, kama Mama mwenyewe alivyotusimulia.

Binti yako aliamka na homa, kwa hiyo Mama akaenda peke yake. Jua lilikuwa limeshachomoza, dirisha la wateja bado limefungwa. Alivaa aproni, akageukia meza yake, akaanza kazi. Nyuma yake alisikia mlango wa tanuri ukifunguliwa, mikate ikiingia, kuni zikipangwa. Kazi ikaenda hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka alipohisi harufu. Si harufu ya mkate. Ni ile inayokuja kabla ya kuungua.

"Mwambie..." alianza, kisha akakumbuka hakuna wa kutumwa.

Akasema bila kugeuka, "Mikate inaungua."

Nyuma yake kuni ziliendelea kugongana.

"Shemeji. Mikate inaungua."

Akageuka. Baba Mdogo alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la kuni, anachagua kavu na mbichi, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Hakuinua hata kichwa. Mama anasema hapo ndipo kifua kilipomjaa. Mwaka wote alijizuia, na sasa amejishusha, amemwita kwa heshima yake, naye anamfanya kama ukuta. Aliokota trei ya bati iliyokuwa tupu, akaibamiza sakafuni kwa nguvu zake zote.

Unajua trei ile inavyolia. Kule nje fundi baiskeli aliangusha spana, akauliza kwa sauti, "Kuna usalama huko?" Njiwa waliokuwa paani waliruka wote.

Baba Mdogo hakushtuka. Bega halikucheza. Aliinua gogo, akaliangalia huku na huku, akaliweka upande wa makavu.

Mama alisimama pale na mikono mitupu. Alisema ilikuwa kama mtu aliyesukuma mlango kwa hasira, kumbe ulikuwa wazi. Kisha akatembea, akamzunguka, akasimama mbele yake. Baba Mdogo akaona viatu, akapandisha macho.

"Shemeji," alisema, akainuka haraka. "Kuna nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Mama akagusa sikio lake mwenyewe.

Baba Mdogo alitazama pembeni, akajipangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "La kushoto tangu utotoni. La kulia lilikuwa linaondoka kidogokidogo. Kaka alijua. Sasa nalo limekwenda, naelewa nikiuona mdomo tu."

"Na simu? Ile siku?"

"Ilikuwa kwenye koti, na koti msumarini. Nilikuja kuona umepiga nikiwa njiani na mkate wa mgonjwa. Nilijua ni nini. Nikakimbia."

"Mbona hukusema? Mwaka mzima."

"Nani angemwachia kiziwi tanuri?" Kisha akaongeza, na Mama anasema hakuwahi kumwona na uso ule, "Na ningekwambia saa ngapi? Umenipa mgongo mwaka mzima. Midomo ya watu ndiyo masikio yangu, Shemeji. Ulinizimia taa."

Harufu ikawajia wote wawili. Baba Mdogo akaruka, akavuta mlango, akatoa mikate kwa ule ubao mrefu wa kuitolea tanurini. Ya mbele ilikuwa imeshika rangi ya kahawa nzito, ile ya nyuma bado imepauka. Alisimama katikati akiitazama, mkono juu ya mmoja, hajui aiache au airudishe. Mama akaelewa mikate ya mwaka mzima ilikuwa inatoka wapi. Alikuwa anaivisha kwa macho. Kugonga ilikuwa kazi yako, na sasa tukafahamu kwa nini hukuwahi kumwachia, na kwa nini kila ulipotaka kumwambia kitu ulimgusa bega kwanza.

"Lete," Mama alisema, akihakikisha anamwona mdomo.

Alichukua mkate mmoja wa ile ya nyuma, ukamchoma viganja, akaupindua. Hakuwahi kufanya hivyo, kwa sababu wewe hukuruhusu mtu. Akaugonga. Akausogeza sikioni. Baba Mdogo alimkazia macho usoni, asipepese, kama anayesubiri majibu ya daktari.

Mama aligonga tena, akafumba macho.

"Bado," alisema.

Baba Mdogo akaurudisha. Wakasimama wote wawili mbele ya mlango wa tanuri, bega kwa bega, hawana la kufanya ila kungoja. Hapo nje maisha yaliendelea, mtu alikuwa anafagia, mtoto analilia kiatu. Mama anasema kwa mara ya kwanza tangu uondoke alisikia asubuhi, yote, na hakutaka ipite upesi. Walipoutoa tena na kuugonga, mlio ulikuja mtupu, safi. Alitaka kusema neno lako lile, "Karibu," akaliacha. Akatikisa kichwa tu kukubali. Ikatosha, Baba Mdogo aliona.

Usidhani mambo yamenyooka. Alhamisi waligombana kuhusu kuni, wakitazamana, na kelele zao zilifika barabarani. Mama anasema hajamaliza kumkasirikia kwa kuficha, na Baba Mdogo anasema naye ana ya kwake, asubiri zamu. Lakini kiwandani amepeleka habari kwamba haji. Fundi baiskeli alinunua mkate jana, akaukata, akautazama. "Leo umekubali kisu," alisema, akaomba mwingine wa nyumbani. Muuguzi bado hajapita. Tunamngoja.

Na asubuhi, mikate ya kwanza inapopoa, Mama ndiye anayetusimamisha sasa. Tunapousikiliza mpasuko wa ganda, kila mmoja wetu anamgeukia Baba Mdogo ili apate kusoma nyuso zetu.

Jana jioni tulimsomea Mama tangazo hili. Alisikiliza mpaka kwenye majina, akainua mkono.

"Mdogo wake mmemweka wapi?"

Tulimwambia hatujamweka, tulikuwa tunasubiri neno lake.

"Mwekeni," alisema.

Tukauliza, mwishoni?

"Mwanzoni. Alimjua kabla yangu."

Basi, Baba, wanaokukumbuka ni hawa: mdogo wako Moto, mkeo, kijana wako dereva pamoja na mkewe, kisha binti yako mshonaji, binti yako wa mwisho aliyestaafishwa kazi ya kupeleka maneno, wajukuu zako, pamoja na yule uliyemwacha tumboni, ambaye sasa anatambaa, na majirani wote wa mtaa wa bekari.

Tutakukumbuka daima, na sasa tunakukumbuka pamoja.