Maji ya Kumnawisha Venant

Jumapili, 15 Desemba 1974

Redio imerudia tena: tarehe 25 ni siku ya kazi kama zingine. Noeli imefutwa kwenye kalenda ya Zaïre. Abbé, padre wetu, anasema misa itakuwa alfajiri, kabla ya watu kwenda kazini. Anayeogopa kuonekana apitie mlango wa nyuma.

Donatien ameleta udongo wa crèche, lile zizi la Yesu, hivyo hivyo. Kila mwaka anafinyanga na watoto wetu: Yosefu, Maria, punda, ng'ombe wenye pembe ndefu kama wa Walungu. Leo alikuwa anaimba huku anafinyanga. Anaimba vibaya! Mume wangu, aliyeongoza korali ya parokia — sasa sauti inapanda pasipo pa kupanda, na mwenyewe hajui. Sikio la kushoto limekufa. Walinipiga kofi moja tu, anasema. Moja tu!

Nimeendelea kuchambua maharagwe. Nikamuwaza Venant.

Jumanne, 17 Desemba

Niandike wazi, maana humu nyumbani hilo jambo halitajwi. Venant ni mume wa mdogo wangu Séraphine. Mwezi wa nne alienda kwa watu wa Chama akawaambia: mwalimu Donatien anaita watoto darasani kwa majina ya ubatizo, yale yaliyokatazwa. Ilikuwa kweli. Donatien akalala cachot, gerezani mwao. Akatoka bila kazi, bila sikio. Askari mwenyewe alimwambia mlangoni: ni bofrère yako, shemeji yako, njo alikuuza.

Venant akapata kiti ofisini na nyumba kule Muhumba, yenye maua na ziwa mbele ya dirisha. Sisi tumebaki Cimpunda na matope yetu. Sasa anajiita Mushagalusa tu. Ukimwita Venant haitiki. Abacosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, hata kwenye jua kali!

Na Mama ameshuka kutoka Walungu na uamuzi wake: Noeli wote kwangu, Venant pia. Tena ile desturi ya marehemu Papa, baba yetu — kabla ya kula, mtu anamnawisha mikono yule waliyekosana naye. Mama amenipa Venant.

— Nitamumwangia ya moto, Mama.

— Utamumwangia ya vuguvugu. Na utamuambia Noeli njema.

Biblia inasema mpende adui yako. Haijasema mchinjie mbuzi.

Donatien anasema yeye amesamehe zamani. Kwa ruhusa ya nani? Mimi ndiye ninayerudia kila neno mara mbili. Mimi ndiye niliyemwona anageuza kichwa kama kuku akitafuta sauti ya mtoto wake inatoka wapi.

Ijumaa, 20 Desemba

Séraphine amekuja na mtoto mgongoni. Mvua imemlowesha mpaka kitambaa cha kichwa. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

— Yaya Apolline, dada yangu mukubwa, tunataka kumubatiza. Siku ya vingt-quatre, kesho yake Noeli, mu sacristie, kile chumba cha Abbé, mulango ukiwa umefungwa. Uwe marraine, mama yake wa ubatizo.

— Na jina?

— Évariste.

Jina la Papa yetu! Nikaweka sufuria chini. Nikauliza kama bwana yake anajua. Abbé anaweza kufungwa kwa jina kama hilo, na mtu wa Chama je?

— Ni yeye mwenyewe alichagua. Anasema mutoto asiyebatizwa jina la kanisa, anamuona usiku kama hana uso.

Nilicheka. Alifikiri ni furaha, akacheka pia. Mtu aliyemuuza mume wangu kwa ajili ya majina, leo anajificha na jina chini ya abacosti!

Nimekubali. Séraphine alinikumbatia. Hakushangaa kwamba nimekubali upesi hivyo.

Ee Mungu, umemleta mkononi mwangu. Au siyo Wewe. Sitauliza.

Jumapili, 22 Desemba

Nimefanya.

Baada ya misa nilipita kwa jirani Colombe, anayecheza animation, zile ngoma za kumsifu Rais, kwenye kundi la Chama. Colombe hawezi kulaza neno nyumbani kwake. Nikaomba chumvi. Nikasema, kama mtu anayejisemea: nina haraka, nina ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu, yule wa Muhumba. Macho yake yakafunguka — Ubatizo wa jina? Nikasema lo, mdomo wangu huu, tafazali usiseme. Akaapa kwa mama yake.

Nikarudi na chumvi ambayo sikuihitaji. Nilitembea vizuri. Miezi yote hii sijatembea vizuri hivyo.

Sikusema jina la Abbé. Kwamba nilimsahau? Hapana. Sikumsahau; nilijua watamfuata naye.

Jumanne, 24 Desemba

Tumembatiza. Sacristie ilinuka nta na makoti yaliyolowa. Venant alisimama karibu na kabati, bila abacosti, amevaa shati la zamani la harusi. Amekonda. Abbé akauliza: mnampa mtoto huyu jina gani? Nikasema Évariste. Sauti yangu ikakatika katikati ya jina la Papa. Mtoto hakulia. Alinishika kidole.

Hakuna aliyekuja. Njiani kila mtu aliyetusalimia nilimwona ni wao. Labda Colombe amenyamaza mara moja katika maisha yake. Sijui kama nashukuru.

Jumatano, 25 Desemba

Naandika haraka. Bado ni mchana.

Misa ya alfajiri, kanisa limejaa, hata ukutani watu. Halafu kila mmoja kazini. Tulikutana saa tisa: mbuzi, bugali, sombe ya majani ya muhogo, kasiksi ya Mama, pombe yake ya ndizi. Watoto wakapiga magoti mbele ya crèche. Ilikuwa nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nikachukua jagi na beseni. Venant akatoa mikono. Akasema polepole:

— Mama Apolline, nilijua watamufukuza tu. Kumupiga, sikujua. Walikuwa wanatafuta mutu, ningekuwa mimi.

— Geuza mikono, nikasema. Maji yanapoa.

Noeli njema sikumwambia. Mama aliniangalia. Nilikuwa bado nashika jagi walipoingia, wanaume wawili, bila hodi.

— Mwananchi Mushagalusa. Mutoto wako anaitwa nani?

Séraphine alifunika uso wa mtoto kama jina limeandikwa pale. Mama akaanza kuwajibu kwa Mashi, anajifanya hasikii Kiswahili. Wakamsogeza. Abbé, wanasema, tayari iko kwa ofisi na amekataa kusema. Wanataka kujua nani alimbeba mtoto kwenye ubatizo.

Venant akaniangalia. Aliniangalia sawasawa, na maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni. Alijua. Naapa alijua ni mimi niliyesema.

— Hakuna mutu. Nilimubeba mwenyewe.

Wakamchukua bila viatu. Mmoja akageuka: marraine ajilete mbele ya saa kumi na mbili, ao bibi ya huyu atakuja mahali pake, na mutoto wake.

Hata kisasi changu amenipokonya. Nilitaka aanguke kama mtu mbaya!

Séraphine yuko sakafuni. Ananiambia yaya, usiende, utaniachia nani? Ananibembeleza mimi. Nyama imeganda kwenye sahani. Sijamwambia.

Donatien alisogeza sahani yake. Halafu akasema: nitaenda mie. Nitasema parrain, baba wa ubatizo, ni mimi, marraine hakuna. Wananijua pale, hawatashangaa. Nikapiga kelele kwamba wewe hapana, wewe hutarudi! Akasema yule mtoto ana jina la baba mukwe wangu, na leo ni Noeli. Akaenda kutafuta viatu.

Saa kumi na moja imepita. Mvua imeanza. Anazunguka nyumba nzima akiuliza watoto nani ameona koti lake.

Nimelikalia.