Kilichotoka Kifuani mwa Kasuku

Dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo umeshachukua umbo la benchi la wodini. Hii wiki ya tatu.

Najua wifi yako ameshakusimulia habari za mjukuu wetu Kasuku, na amekosea. Majirani nao wanakosea, eti mtoto alimeza mzizi. Mwenye habari kamili ni mimi, fundi bomba wa miaka arobaini, niliyezibua mpaka choo cha hakimu.

Kasuku alikohoa mwezi mzima. Zahanati wakasema pumu, wakampa dawa, kikohozi kikazidi. Yeye anayeongea hata akitafuna, ikawa neno moja halafu anatafuta pumzi. Asubuhi moja alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, kikatoka kitu cheupe, kinavutika kama mpira, kirefu kama kidole changu, kina matawi, na matawi yana vitawi. Akapumua.

Nilikijua palepale. Uchafu ukigandia ndani ya bomba hutoka na umbo la bomba lenyewe, na viungo vyake vyote. Na mimi nikizibua, nilichotoa namwonyesha mwenye nyumba, asije akasema nilikuwa nimelala. Basi nikakitia kwenye kopo la maji, tukaenda hospitali kubwa. Daktari akakitazama, akaita wenzake watatu. Akaniambia ute umeganda kwenye njia za hewa, ugonjwa wenyewe ni wa nadra, na bila lile kopo wangeendelea kutibu pumu. Nikamwambia akitaka kazi kwangu ipo.

Wanamvutisha dawa ya mvuke, wanampigapiga mgongoni, mara mbili wameingiza mrija kumzibua. Wanasema kinaweza kurudi. Nimechoka, dada. Hata uongo unanitoka kwa shida.

Kwa hiyo sikia. Kitu cha kwanza kilitoka wiki mbili kabla ya hicho cha kopo. Nilikitupa, nikaenda kijiweni kusimulia kuwa kilikuwa kirefu kama mkono. Wakacheka. Nikamwambia mama yake Kasuku, naye akacheka, amenizoea. Daktari anasema wiki hizo mbili zingemfaa sana mtoto.

Wasalimie wote hapo, na goti ulikande.

Ni mimi mdogo wako asiyekua,
Fundi

Nimesahau. Kopo si mimi. Hata kile cha pili nilikitupa kwenye pipa, nisichekwe tena. Kasuku ndiye aliyekiokota, pumzi zenyewe za kuhesabu, akaniuliza sasa mwenye nyumba tutamwonyesha nini.