Saa ya Kishika Uchumba

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Imetembea! Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mshale wa sekunde umeanza kuzunguka. Miezi saba! Mashine ya Kijapani, kasha na uso kutoka China, mishale nimeipachika mwenyewe kwa kibano mpaka macho yakatoa machozi. Sura ni ile ile ya saa ya wakubwa, ile ambayo kwa bei yake unajenga nyumba. Jina la kampuni sikuweka. Nimeiga kwa mapenzi tu, mimi si tapeli. Upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma nimekwaruza: Isaka, Korogwe. Nani ataona huko?

Fundi simu mzima, nacheka peke yangu dukani.

Alhamisi, 11 Septemba

Baba mdogo Semboja kafika kutoka Sindeni. Ndiye mshenga wangu, keshokutwa anapeleka posa Magoma kwa kina Loyce. Kaiona saa. Anasema mshenga lazima apendeze, nimwazime. Nimemwazima. Nimemsihi asiiingize maji.

Jumamosi, 13 Septemba

Posa imekubaliwa. Ningefurahi, ila –

Mwenye kuposa haendi siku hiyo, basi mimi nilishinda uani nikizunguka. Baba mdogo karudi jioni anatabasamu, mkononi hana saa. Wazee wa kule walipouliza kishika uchumba, akakumbuka bahasha kaiacha Sindeni kwenye koti jingine. Akavua saa yangu, akaiweka kwenye sinia! Mzee mmoja akauliza kama ndiyo zile za Uswisi. Baba mdogo hakukataa. Eti angekataa ingekuwa aibu.

Nikasema tupeleke bahasha, tuichukue saa. Kanitolea macho. Kishika uchumba kikirudi, uchumba umevunjika. Hilo hata mimi nalijua.

Naogopa. Wakijua, wataniita tapeli na Loyce nimemkosa.

Jumatatu, 15 Septemba

Loyce kapiga simu. Baba yake, Mzee Mathias, ameshaionyesha saa kwa mwinjilisti na nusu ya Magoma. Kisha akashusha sauti: pesa za saa ile nilitoa wapi, nisije nikawa nimeingia kwenye mambo mabaya. Nikacheka. Nikasema mtandao unakata, nikakata mimi.

Mwoga mkubwa.

Jumanne, 23 Septemba

Silali vizuri. Leo nimekaza skurubu ndefu pahali pa fupi, nimeua simu ya Mama Glory.

Jumamosi, 27 Septemba

Saa imesimama.

Loyce anasema baba yake aliiviringisha kitambaa akaifungia sandukuni, isipate vumbi. Masikini Mzee! Haina betri, inajijaza mkono unapotikisika. Ukiifungia inalala. Lakini kule kwao wanasema kishika uchumba kimekufa, bibi yake hataki hata kukitazama. Na baba yake mkubwa, Abraham, anakuja leo kutoka Dar. Anadai saa hizo anazijua, halisi ina maandishi ya kampuni ndani. Kesho ifunguliwe mbele ya wote. Na kwa kuwa mkwe ni fundi, aje yeye na vifaa vyake.

Nimempigia baba mdogo. Anaumwa ghafla.

Jumapili, 28 Septemba. Magoma

Naandika nyuma ya nyumba yao. Nimeaga naenda msalani. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa vifaa.

Niliwaamkia wote, nikaitikisa saa kama mara ishirini, ikatembea. Wakapiga makofi. Bibi akashusha pumzi. Nikajua nimepona. Mzee Abraham akasema vizuri, sasa fungua. Nikasema vumbi litaingia. Mzee Mathias akainuka, akafunga madirisha mwenyewe, akatandika kitambaa cheupe mezani. "Fungua tu, mwanangu." Ananitazama kwa upendo. Angekuwa mkali ningeweza kusema, lakini upendo ule umeniziba mdomo.

Pikipiki ziko pale barabarani, dakika tano niko mbali. Halafu? Loyce abaki mle ndani na wazee na saa?

Nikifungua, atajua papo hapo pamoja na wote, mbele ya bibi yake. Hilo naliogopa kuliko kufukuzwa.

Wananiita. Nimeitikia nakuja.

Mlango wa jikoni umefunguka, ni Loyce na kopo la maji ya kunawa. Anauliza mbona nachelewa, na ninaandika nini huku jasho linanitoka. Daftari hili halijawahi kusomwa na mtu.

Nampa. Aanzie tarehe sita